Maisha ya Ardis Haugland, Aliyeshika Usukani Mwenyewe

Mchungaji, Babu Delmar, Mama, Mjomba Curtis, majirani wa Velden, na wageni wetu mliokuja kwa barabara yenye barafu asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 1 Machi 2025, naitwa Britta Sorby, nina miaka kumi na saba, mimi ni mjukuu wa marehemu kwa binti yake Rochelle, na nimesimama hapa kwa sababu Bibi mwenyewe alinichagua nisome, akiwa na akili zake zote, akaniambia, "Curtis atasoma vizuri kuliko wewe, lakini atayaruka ya katikati." Kwa hiyo nitasoma na ya katikati.

Ardis Lenore Brekke alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948, katika nyumba ya shamba maili saba kaskazini mwa mji huu wa Velden, Dakota Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Palmer na Inga Brekke, wakulima wa ngano na shayiri. Baba yake alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo barabara ilikuwa imefungwa na theluji, mkunga akafika baada ya mtoto, akakuta kazi imekwisha, akanywa kahawa yake akarudi alikotoka, na Bibi alijivunia jambo hilo maisha yake yote, akisema hakumsubiri mtu hata siku ya kuzaliwa.

Alianza shule mwaka 1954 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa kwenye njia panda, akahitimu sekondari hapa Velden mwezi Mei 1966, kisha akaenda chuo cha ualimu mjini Minot, ambako alisoma mwaka mmoja tu, kwa kuwa katika mavuno ya 1967 baba yake alianguka kutoka juu ya trekta akavunjika nyonga, na yeye ndiye aliyeweza kuendesha lori la nafaka. Hakurudi tena chuoni. Nilipoacha shule mimi mwenyewe, Novemba 2023, nikiwa darasa la kumi na moja, ili nimuuguze Mama aliyeumwa mgongo na kufanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee, watu wengi walinionea huruma, lakini Bibi alikuja na keki akakaa mezani akasema, "Haya, tumekuwa wawili, lakini mimi sikupata wa kunisumbua nimalizie, na wewe umempata." Tangu siku hiyo alinisumbua kweli, na kati ya mitihani minne ya kumaliza shule nje ya darasa nimeshafaulu miwili.

Tarehe 14 Juni 1969, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Delmar Haugland, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala la nafaka, wakajaliwa watoto watatu, Curtis aliyezaliwa mwaka 1971, Lynn aliyezaliwa mwaka 1973 akaishi siku mbili, na Rochelle, mama yangu, aliyezaliwa mwaka 1975. Bibi hakumsahau Lynn katika kuhesabu, mtu akimuuliza ana watoto wangapi alisema watatu, na hakueleza zaidi mpaka aulizwe.

Kuanzia Agosti 1976 hadi Mei 2010, yaani miaka thelathini na minne, marehemu aliendesha basi la shule la njia ya kaskazini, na wengi mnaonisikiliza mlilipanda. Mnakumbuka kwamba alikuwa hapigi honi, alikuwa anasubiri, na mtoto akichelewa alimwambia, "Mwambie mama yako nimekunywa kahawa yote nikikungoja." Tarehe 3 Februari 1984 tufani ya theluji ilimkuta barabarani akiwa na watoto kumi na mmoja, akaegesha basi pembeni, akakataza mtu yeyote asishuke kwenda kuomba msaada, akawavua viatu mmoja baada ya mwingine akawasugua miguu kwa zamu kwa muda wa saa tisa, mpaka trekta la kusukuma theluji likawafikia, na wote kumi na mmoja walirudi nyumbani na vidole vyao vyote. Mjomba Curtis alikuwa ndani ya basi hilo, akiwa na miaka kumi na mitatu, naye husema aliomba ruhusa ya kushuka mara tatu akakataliwa mara tatu, na mara ya tatu mama yake alimtazama tu.

Walipostaafu wote wawili mwaka 2010, Babu na Bibi walinunua gari la kusafiria lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, likiwa na umri wa miaka kumi na saba, wakaliita Kobe, wakaelekea Arizona kukimbia baridi kama wafanyavyo wazee wengi wa huku. Kwa siku tisa walikaa kwenye viti vya kukunja wakicheza karata na watu wa Iowa, siku ya kumi Bibi akamwambia Babu, "Delmar, nikicheza karata raundi moja zaidi nitamtafuna mtu." Asubuhi hiyo, akiwa anafua, aliona karatasi ukutani ikisema shirika linalowajengea nyumba watu wa kipato kidogo linatafuta wasafiri wenye magari ya kuishi, watakaoegesha karibu na ujenzi na kufanya kazi ya kujitolea kwa wiki mbili. Wakaenda kwa wiki mbili, wakabaki majira kumi na matano ya baridi, wakasaidia kujenga nyumba arobaini na moja katika majimbo saba.

Siku ya kwanza kabisa msimamizi mmoja wa New Mexico alimwambia, "Mama, kule jikoni wanahitaji mkono," Bibi akamwonyesha Babu akasema, "Mchukue huyo, anayo miwili," akaenda moja kwa moja kwenye msumeno wa umeme, na tangu hapo kila walikokwenda yeye ndiye aliyekata mbao na Babu ndiye aliyefunga madirisha. Mjomba Curtis hakuyapenda mambo hayo, kila Novemba alikuja kusimama karibu na Kobe akisema, "Wazee wenzenu wamekaa kwenye kochi, ninyi mnakwenda kupanda paa la mtu msiyemjua," na Bibi alimjibu, "Nikishamjengea nitakuwa ninamjua." Lakini kila Novemba Mjomba ndiye aliyekagua matairi, akabadilisha oili, akaweka blanketi la ziada, na sikuwahi kusikia wameondoka kabla hajamaliza.

Mwaka 2019 macho ya Babu yalianza kufifia katikati, anaona ukingo wa kitu lakini kitu chenyewe hakioni, na mwaka 2021 aliirudisha leseni yake kimyakimya. Jambo hili hawakumwambia mtu, kwa sababu Babu aliona haya, hivyo walipotoka Velden yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani kwa ajili yetu tuliokuwa tukiwapungia mikono, wakifika nyuma ya ghala la nafaka wanabadilishana viti. Babu, najua sikupaswa kusema, lakini ni ya katikati.

Tarehe 4 Desemba 2024, katika kliniki moja ya mjini Bismarck, Bibi aliambiwa ana saratani ya kongosho, na kwamba bila matibabu ana miezi michache, akiwa na matibabu anaweza kuwa na michache zaidi ambayo mingi ataitumia kitandani. Alimshukuru daktari, akapitia dukani akanunua mayai, akarudi nyumbani, hakumwambia mume wake wala watoto wake. Tarehe 27 Desemba tuliondoka, Babu, Bibi na mimi, kwa kuwa Mama alikuwa amepata nafuu na Bibi alisema nikajifunze msumeno mchana na hesabu baada ya chakula, na maili zote 1,560 mpaka mji wa Pinder, Alabama, aliendesha yeye, saa sita kwa siku, mikono yote miwili juu ya usukani kama alivyozoea kwenye basi, na tulipofika akaegesha Kobe kwenye uwanja nyuma ya kanisa la pale.

Nyumba tuliyokwenda kujenga ilikuwa ya Bi Charlesetta Boykin, mpishi wa hospitali, mama wa watoto wawili, ambaye kila baada ya zamu yake alikuja kupiga misumari kwenye nyumba yake mwenyewe akiwa bado na kofia ya jikoni kichwani. Leo yuko hapa, amesafiri siku mbili kwa basi, na koti alilovaa ameazimwa na majirani wetu baada ya kushuka kituoni akiwa na sweta tu. Yeye na Bibi walipendana kwa kutaniana, Bi Charlesetta alionja chapati za viazi za kwetu akasema, "Bi Ardis, hii ni nzuri, ila nani aliwakataza chumvi huko kwenu?" na Bibi akaonja mboga zake zilizochemshwa na nyama ya nguruwe, akafumba macho, akasema, "Sasa naelewa kwa nini huku hakuna anayekimbilia kaskazini."

Tarehe 9 Januari, nikitafuta sukari kwenye kabati la juu la Kobe, nilikuta chupa tatu za dawa ndani ya kopo la kahawa. Bibi aliniona, akasema, "Rudisha ulipotoa, halafu kaa chini," akaniambia yote bila kupunguza. Nilimuuliza kama Babu anajua, akasema, "Babu yako akijua ataacha kula, na ana madirisha tisa ya kufunga." Nikaahidi kunyamaza, nikanyamaza siku kumi na tisa, na leo mbele ya kanisa naomba radhi kwa Babu, kwa Mama na kwa Mjomba, maana nilijua kabla yenu na mlikuwa na haki ya kujua kabla yangu.

Futi ya Bibi ya kupimia ilikuwa ya zamani na ndoano ya mwanzo wake ilikuwa imelegea, kwa hiyo hakuanza kupima kwenye ncha, alianza kwenye alama ya inchi moja, kisha mwisho akaongeza ile inchi moja, na kwa majira kumi na manne ya baridi hakuwahi kusahau kuiongeza. Tarehe 28 Januari alikata mbao kumi na nne za kusimamisha ukuta wa jikoni, akasahau, zote kumi na nne zikawa fupi kwa inchi. Msimamizi wetu, Tully Maddox, mtu wa mizaha, alisema, "Ardis, siku hizi unajengea kuku?" watu wakacheka, na Bibi akacheka pia. Babu hakucheka. Yeye hufanya kazi kwa kupapasa, alikuwa ameingiza kidole katika ule mwanya kati ya mbao na boriti ya juu, akakiacha humo muda, kisha akavua glavu akauliza taratibu, "Ardis, unaumwa tangu lini?" Bibi akakaa juu ya ndoo ya misumari, akamwambia hapo hapo, mbele ya Tully na mbele yangu, na Tully akavua kofia akaenda kusimama barabarani.

Kuanzia hapo nasema polepole, kwa sababu ndipo palipoleta maneno katika familia yetu. Babu alitaka turudi nyumbani siku hiyo hiyo, Bibi akakataa, akasema hawezi kuacha ukuta umekatwa vibaya na jina lake liko juu yake. Kwa siku kumi na moja, kila asubuhi, Babu alipoweka kikombe cha Bibi mezani, aliuliza, "Leo tumpigie Curtis?" na Bibi alijibu, "Ukuta ukifungwa." Nilisikia mara kumi na moja, nilikuwa naosha vyombo hatua mbili kutoka kwao. Alikata upya mbao zote kumi na nne akiwa amekaa kwenye kiti, na zile fupi hazikutupwa, zilikatwa vipande vikawekwa chini ya dirisha.

Bibi alilazwa tarehe 10 Februari, Mjomba na Mama wakapigiwa simu asubuhi hiyo, wakafika tarehe 12, na marehemu akafariki Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, na Babu, Mama na Mjomba wakiwa wamemshika. Katika siku hizo tisa alizokaa na Mjomba, dawa za maumivu zilimfanya alale karibu muda wote. Tulipomleta nyumbani, tarehe 24, Mjomba alisimama katika jiko la Babu akasema, "Ulimpeleka mama yangu akafie kwenye uwanja wa kanisa la watu, ukanipa siku tisa." Babu akasema, "Ndiyo," na tangu siku hiyo hawajazungumza, na leo kila mtu hapa anaona mmoja amekaa upande huu wa njia na mwingine upande ule.

Nilimuuliza Babu kwa nini hakusema ukweli. Alinijibu, "Akimkasirikia mama yake, hana pa kwenda kupatana naye. Mimi nipo." Akanikataza nisisome jambo hili. Babu, nakuheshimu, lakini aliyenituma ni mwingine.

Katika kazi ile kuna desturi kwamba kabla bodi za kufunika ukuta hazijapigwa, kila aliyejenga huchukua kalamu nene na kuandika juu ya mbao za ndani neno la kuibariki familia itakayoishi humo, kisha ukuta hufunikwa, hupakwa rangi, na maneno hubaki humo bila kuonekana tena. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi tarehe 8 Februari. Wengine waliandika kuhusu amani na milango iliyo wazi, na Bibi akaandika kwamba jiko hili lisiishiwe chumvi, Bi Charlesetta akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Bibi akamwambia, "Charlesetta, naomba mbao moja zaidi katika ukuta wako, ni kwa mambo ya kwangu." Akajibu, "Bi Ardis, andika, nyumba hii ina nafasi." Akaandika kwenye mbao ya nne kutoka mlangoni, polepole, mimi nikimshika kiuno asianguke, na waliosoma ni mimi, Tully na Bi Charlesetta, ambaye amekubali kusimama kama kuna mwenye shaka. Sitapunguza wala kuongeza.

"Curtis, baba yako alitaka kukupigia simu kila siku. Mimi ndiye niliyemkataza. Niliogopa ungesema nirudi nyumbani, nami ningerudi, kwa kuwa sasa ninaumwa, na wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye siwezi tena kumkatalia mara ya pili. Nilikuibia siku zako, najua. Nisamehe. Mama."

Nilimuuliza kwa nini asiandike kwenye karatasi, akasema karatasi ungeibeba mfukoni maisha yako yote, Mjomba, na ukutani itakaa bila kubebwa na mtu. Nikamuuliza sasa utajuaje, akasema, "Wewe una kichwa kizuri, mwambie mara moja, itatosha." Sikukuonyesha ukurasa huu jana kwa sababu niliogopa utaniomba nisiusome.

Bi Charlesetta anakabidhiwa funguo Jumamosi tarehe 15 Machi, na desturi ni kwamba waliojenga wapo siku hiyo. Kobe bado yuko nyuma ya kanisa la Pinder, na Babu hawezi kuendesha. Bi Charlesetta ameniomba niseme kwamba ukuta umepakwa rangi ya siagi, lakini, Mjomba, ukihitaji kuona kwa macho yako, kisu anacho na bodi ni yake, ataikata mwenyewe. Niseme pia kwamba ardhi yetu imeganda, hivyo Bibi atasubiri katika chumba cha kuhifadhia majeneza makaburini mpaka mwezi Mei, na kwa desturi ya kanisa letu jeneza likitoka hapa mjane hufuata ameshikwa mkono na mtoto wake wa kwanza. Babu haoni ngazi za mlangoni, na zina barafu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Bismarck na wa Alabama, hasa muuguzi aliyempaka Bibi mafuta mikononi bila kuombwa, tunamshukuru Tully na wajenzi wote walioegesha magari yao kutuzunguka ili tusisikie kelele za barabara, waumini wa Pinder waliotulisha siku kumi na moja mfululizo, madereva wenzake wa basi waliosimama nje kwenye baridi asubuhi hii kama walinzi, majirani mlioondoa theluji mlangoni mwa Babu kabla hajaamka, na kina mama walio katika ukumbi wa chini sasa hivi na kahawa, mikate ya nyama na keki, ambako wote mnakaribishwa.

Bibi, uliyonituma nimeyafikisha, yaliyobaki ni ya hao wawili. Wewe pumzika.